Leaf ya vistari tisa: itatufikisha Bagamoyo na kuturudisha?

"Tuko familia ya watu watano, tunaishi Goba, Dar es Salaam. Gari letu la petroli limechoka. Kwenye yadi moja nimeoneshwa Nissan Leaf ya mwaka 2014, safi, imetembea kilomita 48,000 tu. Muuzaji anasema ikijaa inakwenda kilomita 200, na betri ina vistari tisa kati ya kumi na viwili, kwa hiyo 'bado iko vizuri'. Kazini na shuleni tunatembea kama kilomita 45 kwa siku. Jumamosi ni manunuzi, Mlimani City au Kariakoo. Jumapili moja kila mwezi tunawatoa watoto, mara nyingi Bagamoyo, kwenda na kurudi kilomita 120 hivi, na Desemba tunakwenda Morogoro kwa bibi yao. Mume wangu anaogopa LUKU itatumaliza. Jirani anasema gari la umeme likipita kwenye maji linapiga shoti, na kwamba betri ikifika miaka minane inakufa, na bei ya nyingine ni kama ya gari jipya. Ninunue?"

Dada yangu, gari hilo ulilooneshwa, kwa matumizi uliyoyataja, usilinunue. Lakini usilitupe wazo la gari la umeme pamoja nalo, maana ratiba ya familia yenu inalifaa sana gari la aina hiyo, likiwa na betri inayotosha. Hofu ya mume wako na ya jirani nitazifikia, ila tuanze na betri, kwa sababu hapo ndipo muuzaji alipowapiga chenga.

Ili kuielewa betri, sahau kwanza kilomita na uhesabu uniti. Uniti moja ya LUKU ndiyo kilowati-saa moja, kipimo kilekile kinachotumika kwenye betri za magari haya. Kwa hiyo Leaf ya 2014, inayoitwa ya 24, ilitoka kiwandani ikibeba uniti 24. Ndani ya hizo, gari lilikuwa likimruhusu dereva kutumia kama 21, na zilizobaki zimefungiwa ili betri isiumie. Sasa vile vistari. Kwenye dashibodi ya Leaf, upande wa kulia, kuna safu mbili zilizokaribiana. Ile pana inaonesha chaji iliyomo wakati huo. Ile nyembamba, ya pembeni kabisa, inaonesha ukubwa uliobaki wa betri yenyewe. Wanunuzi wengi hawajui kuna safu ya pili, na wauzaji wengi hawana haraka ya kuwaonesha. Muuzaji wako walau amekutajia, ila hakukwambia maana yake.

Kistari cha kwanza cha safu nyembamba hudondoka betri ikiwa imeshapoteza asilimia 15 ya ukubwa wake. Baada ya hapo kila kistari kimoja ni asilimia sita na kitu. Vistari tisa, basi, maana yake betri imebaki na kati ya asilimia 66 na 72. Nissan wenyewe, katika dhamana yao ya betri, waliweka mstari hapohapo: ikishuka chini ya vistari tisa ndani ya muda wa dhamana, wanaishughulikia. Yaani gari uliloambiwa liko vizuri limebakiza hatua moja kufika pale ambapo mtengenezaji mwenyewe anakubali kwamba betri imechakaa.

Kwa uniti, hiyo ni kama 15 za kutumia. Leaf mjini, kwa mwendo wa foleni zetu, hula uniti 14 au 15 kwa kilomita 100. Barabara kuu kwa mwendo wa 80 hadi 90, kiyoyozi kimewashwa na watu watano ndani, hula 16 hadi 17. Ukikanyaga hadi 110 zinavuka 20. Gawanya mwenyewe: uniti 15 zitakupa kilomita 90 hivi mpaka gari lizime barabarani, na hakuna mzazi anayetaka kujaribu kufika hapo na watoto nyuma. Ukijiwekea akiba ya kilomita 20, gari hilo ni la kilomita 70. Kazini na shuleni litakwenda. Kariakoo litakwenda. Bagamoyo litakwenda, kurudi ndiyo shughuli.

Zile kilomita 200 muuzaji hakuzitunga. Zinatokana na kipimo cha zamani cha Japani kilichofanywa maabara, kwa mwendo wa polepole, bila kiyoyozi, betri ikiwa mpya. Leaf ya 24 ya kipindi hicho ilitangazwa Japani kwa kilomita 228, huku kipimo cha Marekani kwa gari hilohilo kikitoa 135. Ukiona tangazo la gari lililotoka Japani, chukua namba iliyoandikwa, punguza karibu nusu, ndipo uanze kuongelea uchakavu wa betri.

Sasa kwa nini gari lililotembea kilomita 48,000 tu liwe na betri iliyochoka hivyo? Hapa ndipo mazoea yetu ya magari ya petroli yanapotupotosha. Injini huchakaa kwa kutembea. Betri ya lithiamu huchakaa kwa kutembea pia, lakini huchakaa hata ikiwa imeegeshwa, na kinachoisukuma zaidi ni joto na kukaa imejaa. Ndani ya kila seli, kimiminika kinachobeba chaji hutengeneza utando mwembamba kwenye upande hasi, na kila utando huo unapokua hula sehemu ya lithiamu iliyokuwa ikifanya kazi. Joto huuharakisha. Chaji ya asilimia 100 huuharakisha. Vikikutana vyote viwili, gari limejaa pomoni na limeegeshwa juani saa nane mchana, betri inazeeka bila kutembea hata mita moja. Leaf ina udhaifu wa ziada: betri yake haina maji ya kupozea wala feni. Inategemea upepo unaopita chini ya gari tu. Gari lililokaa miaka kumi kwenye baridi ya Hokkaido na lile lililokaa Okinawa yanaweza kuwa na kilomita sawa na betri tofauti kabisa. Na Dar, kwa hali ya hewa, iko karibu na Okinawa kuliko Hokkaido. Betri iliyofika hapa na vistari tisa itaendelea kushuka.

Hiyo miaka minane ya jirani ina asili yake. Ndiyo dhamana ambayo Nissan waliitoa kwa betri za uniti 30 na 40, miaka minane au kilomita 160,000. Ya 24 ilipewa miaka mitano au kilomita 100,000. Dhamana kuisha haina maana kwamba betri imekufa siku hiyo. Betri haifi ghafla, inapungua uwezo, na gari lililokuwa likifika Chalinze siku moja linaishia Kibaha. (Dhamana za Japani hazilifuati gari likipanda meli, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie kwa maneno hayo.) Kuhusu kubadilisha, jirani ana haki kiasi. Betri nzima ya Leaf ya 24 ina uzito wa karibu kilo 300, inashushwa kwa chini kwa meza maalumu ya kunyanyulia, na nyingi zinazofungwa huku zimetoka kwenye magari yaliyogongwa. Wapo watakaokuambia wabadilishe vipande vibovu tu kati ya 48 vilivyomo. Inafanya kazi pale ambapo kipande kimoja au viwili vimeharibika kabla ya wakati wake, vingine vikiwa vizima. Betri iliyozeeka sawasawa yote, kama hiyo yako, haiponi kwa viraka, maana seli zimepangwa kwa mfuatano na ile dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua lini gari lisimame.

Basi ununue lipi? Kwa familia yenu ningetazama Leaf ya uniti 40, umbo jipya lililotoka Japani kuanzia mwishoni mwa 2017. Ikiwa mpya inatoa kama uniti 37 za kutumia. Tafuta yenye vistari vyote kumi na viwili, na ukubwa wa betri usiopungua asilimia 85. Hapo una uniti 31 hivi, sawa na kilomita 190 kwa mwendo wa kistaarabu, au 170 ukitoa akiba. Bagamoyo mnakwenda, watoto wanazunguka magofu ya Kaole, mnakula, mnarudi Goba na bado kuna chaji ya Jumatatu asubuhi. Itakuwa ghali kuliko ya 2014, hilo halina mjadala. Ukiagiza mwenyewe, pitia kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela, kwa sababu magari yenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa uchakavu, na gari la bei ndogo Japani linaweza kufika bandarini likiwa limekaribiana bei na lile jipya zaidi.

Ipo ya 30 pia, katikati ya hizo mbili, umbo la zamani. Kwa wiki zenu ingetosha, kwa Bagamoyo ingekuwa ya kubahatisha.

Morogoro niseme wazi: hata hiyo ya 40 usiipangie safari ya moja kwa moja. Kutoka kwenu ni karibu kilomita 180, na mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Gari lenye watu watano na mizigo linakaribia tani 1.9, na kulipandisha kimo hicho peke yake kunakula uniti mbili na nusu, yaani kilomita 15 zinapotea bila kuonekana kwenye ramani. Unazipata kwa sehemu wakati wa kurudi, kwa sababu gari likiteremka mota hugeuka jenereta, lakini hazikusaidii ukiwa Desemba njiani kwenda. Kwa safari ya mara moja kwa mwaka kuna treni ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, inachukua kama saa mbili bila foleni ya Kimara, na nayo pia ni ya umeme. Kununua gari kubwa la mwaka mzima kwa ajili ya safari moja ya Desemba ni tabia yetu wengi, na ni tabia ya gharama.

Kama mnasafiri mikoani mara kwa mara kuliko ulivyoandika, fikirieni Mitsubishi Outlander PHEV. Ina betri ya uniti 12, au 13.8 kwa matoleo ya baadaye, inachajiwa nyumbani, inatembea kilomita 35 hadi 45 kwa umeme, kisha injini ya petroli inaendelea. Siku ya kawaida karibu yote mtaimaliza kwa LUKU. Ubaya wake ni kwamba mna mifumo miwili ya kutunza: oili, plagi na rejeta kama kawaida, na juu yake betri inayozeeka kama nyingine. Na jihadhari na Nissan Note e-Power. Madalali wanaiita gari la umeme. Mota ndiyo inayozungusha matairi, ni kweli, lakini umeme wote unatoka kwenye injini ya petroli iliyomo ndani, na hakuna tundu la kuchajia popote. Ni gari zuri lisilokunywa sana. LUKU halijui.

Tuje kwa mume wako na hesabu yake. Kwa kilomita 45 kwa siku za kazi, manunuzi ya Jumamosi na Bagamoyo mara moja, mnatembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Kila kilomita 100 zinahitaji uniti 16 ndani ya betri, lakini ukutani zinatoka 18 au 19, kwa sababu wakati wa kuchaji sehemu hupotea kama joto. Mwezi mzima ni uniti 222 hivi. Kwa bei ya T1, kundi la TANESCO la matumizi ya kawaida, ambayo ukijumlisha kodi na tozo ni shilingi 356 na senti kwa uniti, hiyo ni takriban shilingi 79,000. Gari la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 120. Nikiweka shilingi 2,900 kwa lita kwa mfano, ni shilingi 348,000. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, hutoka kila mwezi, weka ya mwezi huu na urudie kuzidisha. Hofu ya mume wako ina mahali pamoja tu pa kweli: kama nyumba yenu iko kwenye D1, kundi la matumizi madogo, ile ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, gari litaivusha mapema sana mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, ziada mtaanza kulipa kwa 350, na mwishowe mtahamishiwa T1. Hapo friji, pasi na taa navyo vitapanda bei. Aiingize tofauti hiyo kwenye hesabu, bado petroli itashindwa.

Kuchaji ndiko kunakoleta ajali, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Magari ya Japani huja na kebo yao kwenye buti, iliyotengenezwa kwa soketi ya volti 200 na inayovuta ampia 15. Hapa nyumbani mafundi wanakata plagi ya Kijapani na kufunga ya kwetu ya pini tatu. Plagi hiyo ni ya ampia 13, na hata hizo 13 imeundwa kuzibeba kwa muda mfupi, kama birika la umeme linavyofanya dakika tano. Gari linavuta saa saba mfululizo. Plagi inapata moto, plastiki inalainika, mguso unalegea, moto unaongezeka, na asubuhi unakuta soketi ya kahawia. Nunua kebo ya kuchajia inayobebeka, yenye kichwa cha Type 1 kwa magari ya Japani, inayokuruhusu kuchagua ampia, na iweke kwenye 10. Ampia 10 kwa volti 230 ni uniti 2.3 kwa saa ukutani, mbili zikiingia kwenye betri. Inaonekana kidogo, lakini kilomita 45 za siku ni uniti saba, yaani mkichomeka saa nne usiku, saa nane limekwisha kurudisha kilichotumika. Hamjazi tangi kila usiku.

Vizuri zaidi, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA awavutie laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi: waya wa milimita 4 za eneo, au 6 kama ni mbali au mnategemea kufunga chaja kubwa baadaye, sakiti breka yake, na kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampia 30. Asitumie laini inayolisha jiko au pampu ya maji. Kisha apime ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hili ndilo linalowashangaza wengi: gari linachomekwa, taa za kebo zinawaka nyekundu, chaji haiingii, na watu wanasema gari bovu. Kisanduku cha kebo kinakagua ethi kabla ya kuruhusu umeme, na nyumba nyingi za Dar zina fimbo ya ethi iliyofukiwa kwenye mchanga mkavu au waya uliokatika zamani bila mtu kujua. Kebo imekuokoa, usitafute fundi wa kuidanganya. Ni sababu hiyohiyo jenereta ndogo za nyumbani mara nyingi zinakataa kuchaji gari. Na ekstensheni iliyoviringishwa kwenye kigurudumu chake isitumike kabisa. Waya ulioviringwa haupati pa kutolea joto.

Kwa joto la hapa, zoeeni kuacha betri kati ya asilimia 20 na 80 kwa siku za kawaida. Kama gari halina kitufe cha kuzuia 80, tumia saa ya kuchaji iliyomo ndani, ipange iishe karibu na muda wa kuondoka. Asilimia 100 mjaze usiku wa kuamkia Jumapili ya Bagamoyo, na mwondoke asubuhi bila kuliacha lisubiri juani. Poozeni gari kwa kiyoyozi likiwa bado limechomekwa. Huo ni umeme wa ukutani, hauhesabiwi kwenye betri.

Foleni isikutishe. Kiyoyozi kikishapooza gari hutumia chini kidogo ya uniti moja kwa saa, kwa hiyo saa mbili za kukwama Mwenge zinakugharimu kama kilomita 10. Gunia la mchele na katoni za maji kwenye buti karibu hazihesabiki. Kinachokula betri ni mwendo, na keria ya juu yenye mizigo, na matairi yenye upepo mdogo: Leaf inataka psi 36, fundi wa pancha akizoea kuweka 30 mwambie. Angalieni pia kama lina tairi la akiba. Leaf nyingi za Japani hazina, mna pampu na chupa ya gundi tu, ambavyo havisaidii tairi likichanika ubavuni njia ya Bagamoyo.

Mkifika huko, piga simu kabla kwenye hoteli mnayokula: wana soketi karibu na maegesho, na watataka shilingi ngapi? Saa nne za chakula na ufukweni ni uniti nane kwenye betri, kilomita 50. Hata ile Leaf ya vistari tisa ingeweza kurudi kwa njia hiyo, ila siku umeme ukikatika mtalala huko. Usijenge matembezi ya familia juu ya soketi ya mtu mwingine.

Kuhusu maji, jirani amechanganya mambo mawili. Mvua haina shida, hata wakati wa kuchaji: pini za kichwa cha kebo hazina umeme mpaka gari na kebo vikubaliane, na umeme wa betri, volti 360 hivi, hauugusi mwili wa gari. Ukianza kuvuja popote, mfumo unakata wenyewe. Kinachopaswa kukaa pakavu ni ule upande wa ukutani. Mafuriko ni jambo jingine. Tumbo la Leaf liko takriban sentimita 15 kutoka ardhini, na tumbo hilo ndiyo betri. Msipite Jangwani maji yakiwa juu ya barabara, kama msivyopaswa kupita kwa gari lolote. Likizama, msiliwashe na msilichomeke. Kwa barabara za ndani za Goba, tuta lililojengwa na wananchi usiku ni adui mkubwa kuliko mvua. Pandeni kwa upande, polepole.

Kabla ya kulipia gari lolote, hata la 40, fanya hivi. Omba lijazwe hadi 100, ingia na watu wenu wazima wanne, washa kiyoyozi, tembea kilomita 40 za njia yako ya kawaida, kisha tazama asilimia. Limekula 45? Gari zima ni kilomita 89. Usiangalie kilomita zinazokadiriwa kwenye dashibodi, zinategemea dereva wa mwisho alivyoendesha. Njoo pia na kidude cha OBD cha bluetooth, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonesha asilimia ya ukubwa wa betri na jozi 96 za seli kama nguzo. Chaji ikiwa nusu, tofauti kati ya nguzo ndefu na fupi ikiwa chini ya milivolti 30, sawa. Ikivuka 100, kuna seli inayokufa. Na vistari hivyo vya dashibodi vinaweza kurudishwa kumi na viwili kwa mashine, vikadumu kwa muda kabla ya kuanza kudondoka tena, kwa hiyo gari la 2014 lenye vistari vyote likutie shaka kabla ya kukufurahisha. Matembezi ya kilomita 40 hayadanganywi. Muuzaji akikataa, mwachie.

Siku moja gari litakataa kuwaka kabisa, dashibodi ikiwa imepagawa kwa taa. Kabla hamjalia, pimeni betri ndogo ya volti 12. Ni ya kawaida, inakaa miaka mitatu minne, inauzwa duka lolote la vipuri, na inaweza kuamshwa kwa waya kutoka gari jingine.

Mengine yanahitaji mtu wa kuja kuona kwa macho: plagi au soketi inayochoma mkono, harufu ya plastiki, sakiti breka inayoanguka kila mkichaji, joto la betri linalofika kwenye nyekundu, gari lililogongwa chini au kuingia maji. Fundi wenu wa sasa anaweza kuendelea na breki, bushi, shokapu na matairi bila wasiwasi. Nyaya za rangi ya chungwa asiziguse, wala asizioshe kwa mashine ya presha. Yule atakayezigusa mumuulize kwanza: ana mashine ya kusoma mfumo wa gari, ana glavu za kuhimili volti 1,000, na anangoja dakika ngapi baada ya kuchomoa plagi ya usalama ya betri? Jibu la swali la mwisho ni kumi. Akisita kwenye glavu, mpeni kazi ya breki.